Studio ya Mabati: Trei za Mayai Hazitakuokoa na Kanjo

Tuanze na kitu unakijua. Wewe na mbogi yako mmechanga mwaka mzima, mkanunua maiki, spika mbili na gitaa ya base iliyokuwa ya msee mwingine. Mathe amewaachia ile stoo ya mabati iko nyuma ya keja, ilikuwa ya makaa na baiskeli iliyokufa. Mmetoa makaa, mkafagia, mkabandika trei za mayai ukutani kutoka chini hadi juu, mkapiga picha na kuitupa kwa status. Siku ya kwanza ya mazoezi, saa tatu usiku, hata ubeti wa pili haujaisha, geti inagongwa. Si mashabiki. Ni jirani wa kushoto amejifunga leso, mtoto mgongoni, na nyuma yake ni keateka, yule huwa hapatikani ukimtafuta juu ya maji.

Kwa hiyo geti kuna vitu viwili vinakungoja: fizikia na sheria. Na trei za mayai hazikusaidii kwa fizikia wala kwa sheria.

Nairobi imekuwa ikiongea kuhusu kelele kwa muda sasa. Mwishoni mwa 2022 Gavana Johnson Sakaja alipiga marufuku klabu za usiku kwenye mitaa ya makazi, na mjadala wote ukawa wa klabu: nani atafungiwa, nani atahama, nani anajuana na nani. Yule chali wa Kayole anayepuliza trampeti kwa kibanda cha mabati hakutajwa. Lakini kanuni zinazomgusa mwenye klabu zinamgusa pia, na yeye hana wakili wala meneja wa kumtetea. Ana trei za mayai tu.

Sheria inasema nini

Kanuni zenyewe ni za 2009, za kudhibiti kelele na mitetemo, chini ya ile sheria ya mazingira inayosimamiwa na NEMA. Wengi wetu tunadhani zinasema "usipige kelele" halafu basi. La. Ziko na namba. Kwenye eneo la makazi, nje ya nyumba, kikomo ni desibeli 50 mchana na 35 usiku. Mtaa uliochanganya nyumba, maduka na mahali pa burudani, yaani karibu Eastlands yote, unapewa 55 mchana, lakini usiku ni 35 tu. Na usiku wa sheria si ule usiku wako wa saa sita. Unaanza saa mbili na dakika moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi.

Upate picha: watu wawili wakipiga story kawaida kwa meza wanafika kama desibeli 60. 35 ni chumba cha kulala kilichotulia kabisa. Kwa hivyo saa tatu usiku hata kicheko chako kwa balkoni kiko nje ya sheria, sembuse base.

Sasa, kuna sehemu ya hizo kanuni ambayo watu hawaisomi, na ndiyo tamu. Kabla ya kuamua kama kelele yako ni kosa, kuna mambo yanaangaliwa. Ni saa ngapi? Uko karibu aje na nyumba za watu? Inaendelea ama inakuja na kuisha? Ina nguvu kiasi gani? Imekuzwa na mitambo? Halafu swali la mwisho: je, huyu mtu angeweza kuipunguza bila taabu au gharama kupita kiasi?

Soma hilo swali tena. Linamaanisha juhudi yako inahesabika. Msee aliyejaribu kuzuia sauti kwa akili, akafanya mazoezi mchana, hayuko mahali pamoja na yule aliyefungua spika zikiangalia dirisha la jirani. Hiyo si ruhusa ya kuvuka 50, usinielewe vibaya. Lakini siku kanjo wakija, kuwa na kitu cha kuwaonyesha ni tofauti kubwa na kusema "lakini tuliweka trei."

Najua unachotaka kusema. Mathree za Jogoo Road zinapita na woofer zinatetemesha vioo, kanisa la hema linakesha kila Ijumaa, na hakuna anayeguswa. Uko sawa, kanuni ni zao pia. Lakini jirani hawezi kukimbiza matatu. Wewe anajua unapolala.

Hesabu kwa kilo, si kwa shilingi

Hii trei ya mayai imedanganya vizazi. Kila studio ya mtaani iko nayo, kila video ya behind the scenes unaiona ikimetameta na rangi ya zambarau. Kazi yake ni ndogo sana: ile sura yake ya milima na mabonde inatawanya kidogo zile sauti nyembamba ndani ya chumba, ndio maana ukirap unasikia kama mwangwi umepungua. Lakini sauti inayotoka nje haijali sura. Inajali uzito. Trei ni karatasi, na hewa inaipita kama haipo. Sponji za magodoro ni vile vile: zinakausha mwangwi ndani, ukuta hauziongezei kitu. Watu huchanganya hizi kazi mbili kila siku. Kufanya chumba kisikike vizuri ndani ni kazi moja. Kufanya jirani asisikie ni nyingine kabisa, na haikubali vitu vyepesi.

Ndio maana mabati ni adui. Yale mabati ya kawaida ya nyumba zetu ni karatasi ya chuma ya kama robo milimita hivi. Mita moja ya mraba ina uzito wa kilo mbili, ikizidi sana ni tatu. Ukuta wa mawe ya inchi sita kwa eneo hilo hilo unaenda kama kilo mia tatu. Unaona mechi? Mabati yanapunguza labda desibeli kumi na tano kwa sauti za katikati ukiwa na bahati, na bahati yenyewe huna juu yana mashimo. Zaidi ya hapo, mabati hucheza. Ukigonga base, nayo yanaitikia kama kwaya.

Kuna kanuni moja ya fizikia ukiishika umemaliza nusu ya kazi: kila ukiongeza uzito wa ukuta mara mbili, unapunguza sauti kwa kama desibeli sita. Na sikio la binadamu husikia kushuka kwa desibeli kumi kama sauti imekatwa nusu. Kwa hivyo kutoka kilo mbili hadi nne ni rahisi, karibu bure. Kutoka kilo mia mbili hadi mia nne kunakuuzisha figo. Pesa yako ndogo ina nguvu zaidi pale mwanzo, na hapo ndipo wengi wanaipoteza kwa sponji za bei.

Bei sitakuandikia. Hadwea ya Kayole na ya Rongai haziongei lugha moja, na ile ya leo si ya wiki ijayo. Nikuambie tu uliza swali hili ukifika: hii kitu ina kilo ngapi kwa kila shilingi nitatoa? Ukienda na hilo swali hata mwenye duka atakuangalia vibaya, lakini utarudi na mzigo sahihi.

Kabla hujanunua chochote, ziba

Chukua kibanda cha mita tatu kwa tatu, urefu mita mbili na kitu. Pale juu mabati ya ukuta yanapokutana na ya paa, yale mawimbi yanaacha pengo. Tuseme sentimita mbili kuzunguka chumba chote. Inaonekana kidogo, si ndio? Piga hesabu: ni karibu asilimia moja ya kuta zako. Na asilimia moja ya ukuta ikiwa wazi, hata hiyo nyingine ungeijenga kwa mawe ya Ndarugo, chumba hakiwezi kupunguza zaidi ya kama desibeli 20. Shimo ndilo linaamua.

Kwa hivyo wikendi ya kwanza ni ya kuziba. Juu kwenye mawimbi, sukuma simiti na mchanga, si magazeti. Chini mabati yanapogusa ardhi, vile vile. Mashimo ya misumari ya zamani, pale waya wa stima unapoingilia, pale panya ameshaweka mlango wake. Zima taa ndani saa saba mchana, funga mlango, tafuta mwanga. Kila mahali mwanga unaingia, sauti inatokea hapo.

Mlango ndio wa kusumbua. Mlango wa mbao nyepesi wenye nafasi ya vidole viwili chini ni kama kuacha dirisha wazi. Ongeza ubao mzito upande wa ndani, chipubodi nene inatosha, kisha kata vipande vya mpira na uvipigilie kuzunguka fremu ili mlango ukifungwa ubane kama wa friji. Mpira unaupata wapi? Kwa mafundi wa akala. Pale Kariokor mabaki ya tairi hayakosekani, na tairi ni nzito, inajikunja, haiozi. Utaihitaji tena hapa chini, so nunua ya kutosha.

Chumba ndani ya chumba

Sasa tufike kwa kazi kamili. Huwezi kuyafanya mabati yawe mawe. Unachoweza ni kujenga chumba kingine ndani, ambacho hakiyagusi.

Fremu ya mbao za mbili kwa mbili ama mbili kwa tatu, imesimama nchi nne kutoka kwa mabati, chini yake umetandaza vile vipande vya tairi ili mtetemo usishuke kwa sakafu. Hakuna msumari unaotoka kwa fremu kwenda kwa mabati. Hata mmoja. Ukiweka mmoja umejenga daraja, na sauti itavuka. Fundi atakuambia "tushike hapa kidogo isiyumbe." Mkatalie. Ishike kwenye kona zake zenyewe na kwa dari yake yenyewe.

Kwa fremu unapiga bodi za jipsamu za milimita 12. Moja ina mita 1.2 kwa 2.4 na uzito wa kama kilo 25, yaani kilo tisa hivi kwa mita ya mraba. Kibanda chetu cha tatu kwa tatu, kuta na dari, kinakula karibu bodi 12 kwa ganda moja. Ganda la pili ukipata doo, na viungo visipishane: pale ganda la kwanza limeunganika, la pili lifunike. Ziba kila kiungo. Dari isibebwe na mbao mbili za huruma. Hizo ni kilo nyingi juu ya kichwa chako.

Ile nafasi ya nchi nne kati ya bodi na mabati usiiache tupu, juu hewa tupu inavuma kama ngoma. Jaza kitu laini chenye nyuzi. Matajiri wanaweka pamba maalum ya madini. Wewe una Gikomba. Zile nguo zimebaki chini ya beli, hazina mnunuzi, blanketi zilizochanika, makoti ya baridi ya Ulaya ambayo hakuna mtu atavaa Pipeline. Hizo zinafanya kazi. Jaza bila kushindilia sana, kwenye magunia safi na makavu, na uache nafasi chini zisinyonye maji. Zikilowa zitaoza, na panya atakushukuru.

Mabati yenyewe, kabla hujayafunika, yagundishie vipande vya kapeti kuukuu ama mpira upande wa ndani. Hii haiongezi uzito sana, inayanyamazisha tu yasiitikie. Ukitaka kujua kama imefanya kazi, gonga na kifundo cha kidole. Kabla yanalia "ngaa". Baadaye yanasema "du" halafu yananyamaza. Bonasi: mvua ya Aprili haitakuharibia kila rekodi.

Kama unakodisha, na wengi wenu mnakodisha, funga fremu na nati na bolti, si misumari. Landilodi akiamua anataka stoo yake ya kuku, unafungua, unapakia kwa pikapu, unaenda na chumba chako. Na muulize kabla hujaanza.

Na kama uko Kamulu, Ruai ama Kitengela na ploti iko na nafasi, kuna njia ya bei ya chini kuliko zote: udongo. Magunia yaliyojazwa udongo, yamepangwa nje kama matofali upande wa jirani, unene wa sentimita thelathini, yanafika zaidi ya kilo mia nne kwa mita ya mraba. Hiyo inapita ukuta wa mawe. Jasho tu na koleo. Panga chini pana juu kwembamba yasiangukie mtu, yasigusane na mabati yakayaozesha, kisha yakandike udongo kwa nje juu jua linakula magunia. Shosho zetu walijua siri ya ukuta wa udongo kitambo. Sisi ndio tulihamia kwa robo milimita tukasema tumeendelea. Kumbuka tu kwamba sauti itaruka juu ya ukuta kama paa liko wazi. Udongo ni msaidizi, haufuti ile dari.

Hapa punguza mwendo usome

Chumba kilichozibwa vizuri hakina hewa. Wasee wanne wakipiga ngoma kwa chumba cha mita tatu kwa tatu, mchana wa Februari, chini ya mabati, dakika arobaini kichwa kinaanza kuuma. Unahitaji hewa inayoingia na kutoka bila sauti kuifuata. Tengeneza sanduku refu la mbao lenye kona mbili tatu ndani kama korido ya maze, lipige blanketi ndani, weka feni ndogo ya kompyuta kuukuu upande mmoja. Hewa inapinda kona. Sauti kila ikigonga blanketi inapungua. Mawili, moja la kuingiza chini na moja la kutoa juu.

Na usiwahi, hata baridi ya Julai iwe aje, kuingiza jiko la makaa humo. Wala jenereta, stima ikipotea. Ile moshi isiyo na harufu haikuamshi.

Halafu sponji. Sijamaliza na sponji. Februari 2003, kwa klabu inaitwa The Station kule Rhode Island, Marekani, fataki za bendi ziliwasha sponji iliyobandikwa ukutani kwa ajili ya sauti. Watu 100 walikufa. Januari 2013, klabu ya Kiss mjini Santa Maria, Brazil, kitu kile kile: fataki, sponji ya kuzuia sauti darini, moshi wenye sumu. Watu 242, wengi wao wanafunzi. Zile sponji za magodoro tunazobandika kwa studio zetu ni familia moja na hizo. Sasa fikiria kibanda chenye mlango mmoja, kimejaa sponji, na stima imevutwa kutoka kwa jirani na waya umeunganishwa kwa plasta. Hapo hakuhitajiki fataki.

Kwa hivyo bodi ya jipsamu iangalie ndani, yale magodoro na nguo yakae nyuma yake. Ukitaka kukausha mwangwi, pazia nzito na kapeti sakafuni zinatosha, mbali na waya na balbu. Fundi wa stima mwenye kujua kazi, waya ndani ya bomba. Mlango ufunguke kwenda nje, na usifungwe kwa kufuli kutoka nje mkiwa ndani, hata kama mnaogopa wezi wa spika.

Ukweli kuhusu drum

Ukifanya haya yote vizuri, unaweza kutarajia kupunguza desibeli 35 hadi 40 kwa sauti za kuimba, gitaa, saksafoni. Sauti ya mtu anayeimba kwa nguvu ikiwa 90 ndani, nje inakuwa kama 50. Mchana, hiyo iko ndani ya sheria. Usiku haiko, na haitakuwa.

Drum kamili ni hadithi nyingine. Inapita 100 bila kujitahidi, na ile miguno ya chini ya kick na base ndiyo migumu kuzuia kuliko zote. Hata ukuta wa mawe unaipitisha. Hiyo ndiyo sababu ukiwa mbali na klabu huskii maneno, unaskia "du, du, du" tu. Kibanda cha bajeti hakitashinda fizikia hapo. Piga mazoezi ya drum kwa pedi za mpira ama ngozi za wavu zisizo na sauti, base ipitie kwa hedifoni, na spika zisikae sakafuni moja kwa moja, ziketi juu ya tairi. Drum halisi ibebwe siku ya kurekodi kwa studio ya watu. Najua inauma. Lakini usitoe pesa yote ukiambiwa na fundi kwamba "hii haitatoka hata kidogo." Itatoka.

Na kaunti je?

Hapa ndipo nina swali langu mwenyewe. Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya kazi za kaunti. Namba tatu: kudhibiti uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyingine za umma. Namba nne, mstari unaofuata: shughuli za kitamaduni, burudani na huduma za umma, pamoja na maktaba, michezo na mahali pa utamaduni. Vitu hivi viwili viliandikwa vikifuatana, kwa mkono mmoja, kwa serikali moja. Kijana wa mtaani huiona ile ya tatu ikija na gari na kuchukua spika. Ya nne hajawahi kukutana nayo.

Serikali kuu nayo ilituambia talanta ni hela. Wizara ya michezo na sanaa chini ya Ababu Namwamba ilileta mpango wa Talanta Hela, jina zuri kabisa. Lakini kabla talanta iwe hela inahitaji miaka ya kupiga noti mbaya mahali ambapo hakuna mtu anakasirika. Genge ilihitaji hiyo, gengetone ya kina Ethic ya 2018 ilihitaji hiyo, na hii arbantone unayodunda leo inahitaji hiyo. Watoto wa Ghetto Classics kule Korogocho walijifunza violini na trampeti kwa uwanja wa kanisa. Kanisa ndilo lilitoa nafasi. GoDown ilianzishwa 2003 kwa ghala la Industrial Area, na ghala liko mbali na vitanda vya watu, akili nzuri hiyo.

Kaunti tayari iko na majumba. Social Hall ya Kaloleni iko tangu enzi za mkoloni, na kuna nyingine Eastlands zenye kuta nene kuliko chochote utajenga wewe na bolti zako. Chumba kimoja kwa kila ukumbi, kikazibwa, kikatiwa ratiba ya saa nane hadi saa mbili jioni, kwa ada ndogo, kingetoa vibanda vingapi vya mabati kwa orodha ya malalamiko? Hii si pesa ya barabara. Ni bodi za jipsamu na mpira wa tairi. MCA wako anaweza kuuliza hilo swali kwa bunge la kaunti, na wewe unaweza kumuuliza kabla ya kampeni, akiwa bado anashika simu.

Mpaka hapo, uko na kibanda chako. Ukimaliza kujenga, usijipime ukiwa ndani. Acha mwenzako apige kwa nguvu, wewe uende kwa yule jirani wa leso, umwombe usimame chumbani kwake karibu na kitanda cha mtoto dakika mbili. Washa programu ya kupima desibeli kwa simu. Haina usahihi wa vifaa vya NEMA lakini inakupa mwelekeo. Kisha mwulize mtoto hulala saa ngapi mchana, na mwachie namba yako badala ya kumwacha na ya keateka. "Mama fulani, ikizidi nipigie, tutashusha." Halafu akipiga, shusheni.